Sitini au tisini: nilivyochagua spika za kompyuta kwa pesa kidogo

Mwezi wa pili mwaka huu, katika kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mama mmoja anayeuza viazi alisimama baada ya mimi kumaliza kusoma muhtasari wa kikao kilichotangulia. Alisubiri minong'ono itulie, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, mimi nilisema deni langu lililobaki ni elfu sitini. Wewe umeandika tisini." Nilikuwa nimerekodi kikao kile kwa simu, nikaihamishia rekodi kwenye kompyuta yangu ya mezani nyumbani Uyole, Mbeya, na kwa kuwa fedha za watu si jambo la kukisia, nilikuwa nimekirudia kipande kile mara tatu kabla ya kuandika. Mara zote tatu nilisikia tisini. Jioni ile niliazima hedifoni za jirani, nikakisikiliza tena, na mama yule alikuwa anasema sitini, tena waziwazi, bila kigugumizi chochote. Kosa lilikuwa la spika zangu, na aliyezichagua spika zile ni mimi mwenyewe.

Ninaandika haya kwa sababu tangu siku hiyo nimetumia muda mwingi kuliko nilivyotarajia kujifunza namna ya kuchagua spika za kompyuta zisizo za gharama kubwa, na niliyojifunza yanatofautiana sana na yale tunayoambiwa dukani. Kazi yangu ya pembeni ni kunakili sauti kuwa maandishi: mihtasari ya vikundi, vikao vya kamati za kwaya, na mara nyingine mahojiano ya wanafunzi wa vyuo wanaokwenda vijijini kukusanya taarifa. Hedifoni ni nzuri, ninakubali, lakini baada ya saa mbili masikio yanauma, na mweka hazina anapokuja kuhakiki hesabu pamoja nami hatuwezi kugawana hedifoni moja kwa wawili. Ninahitaji sauti inayotoka mezani, inayosikika vizuri na watu wawili walioketi bega kwa bega.

Spika nilizokuwa nazo zilikuwa sabufa ndogo ya vipande vitatu, yaani boksi moja la besi linalokaa chini na spika mbili ndogo za juu, yenye taa za bluu zinazocheza kufuata muziki. Nilizinunua miaka minne iliyopita kwa sababu zilitikisa kioo cha kabati dukani, na wakati ule niliamini kwamba kinachotikisa kioo ndicho chenye ubora. Kwa muziki wa sherehe hazikuwa mbaya. Kwa sauti ya mtu anayeongea zilikuwa zinaharibu, na ilinichukua muda kuelewa sababu.

Sikio la binadamu mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000. Besi inakaa chini kabisa ya ngazi hiyo. Sauti ya msingi ya mwanamume anapoongea huwa karibu na hezi 100, ya mwanamke karibu na hezi 200, lakini huko chini ndiko kunakotupa uzito wa sauti na kututambulisha anayeongea, wakati maana ya maneno kwa sehemu kubwa inabebwa juu zaidi. Irabu zinatofautishwa na mawimbi ya katikati, na konsonanti zenye mkwaruzo, kama s, sh, f na th, zinaishi juu zaidi, mkwaruzo wa s ukiwa na nguvu nyingi zaidi juu ya hezi 4,000. Simu za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, na ndiyo maana katika njia ile mikwaruzo kama ya s ilikuwa inapotea kwa urahisi.

Sasa tazama maneno yetu yenyewe. Kati ya sitini na tisini, konsonanti mbili tu zimebadilishana nafasi, na irabu zote ni zilezile. Samani na thamani hutofautiana kwa sauti ya kwanza tu. Zana na dhana vilevile. Mtu akisema kikaoni "tujadili samani za ofisi" na spika ikameza mkwaruzo wa mwanzo, nitaandika kitu kingine ambacho nacho kina maana kamili, na hakuna programu ya kusahihisha tahajia itakayonishtua, kwa sababu neno nililoandika ni sahihi, ila siyo lililosemwa. Sabufa yangu ilikuwa inakuza uzito wa chini mpaka ukafunika mkwaruzo wa juu, na spika zake mbili ndogo, ambazo ndizo zilizopaswa kubeba maneno, zilikuwa na koni, yaani ile sehemu yenye umbo la faneli inayotetemeka kutoa sauti, za karatasi nyembamba zilizokuwa zinatoa sauti kama ya mtu anayeongea akiwa ameweka kiganja mdomoni.

Kwa hiyo nilijiwekea kigezo kimoja kabla ya kutoka nyumbani: spika nitakayoinunua ni ile itakayonitofautishia sitini na tisini, na mengine yote yatafuata baada ya hilo.

Nilitayarisha rekodi ya majaribio. Nilimwomba mzee mmoja jirani, mwenye sauti nzito, anisomee maneno kumi na mawili yaliyoandikwa kwenye karatasi, yakiwemo hayo niliyoyataja, bila kufuata mpangilio wowote. Kisha nikamwomba binti yake ayasome vilevile, na mwisho nikaongeza kipande cha nusu dakika cha kwaya ambamo sauti ya kwanza na ya pili zinaimba pamoja. Yote nikayaweka kwenye simu. Kwa kuwa simu yangu haina tundu la jeki la milimita 3.5, lile la kuchomekea waya wa hedifoni, nilichukua pia kile kiunganishi kifupi cha kubadilisha tundu la chaji kuwa la jeki. Ninamshauri yeyote anayekwenda kununua spika asiisahau hatua hii. Muuzaji ana wimbo wake wa majaribio, na wimbo huo umechaguliwa kwa sababu unaipendezesha bidhaa yake. Wewe nenda na sauti unayoijua, ambayo umeisikiliza mara nyingi mpaka unajua kila pumzi iko wapi.

Nilipanda daladala asubuhi hadi Mwanjelwa, nikaanza na maduka yanayozunguka soko na kuteremka taratibu kuelekea Kabwe. Duka la kwanza kijana alinikaribisha vizuri, akaniwekea mezani boksi lenye picha ya moto. "Dada, hii ina wati elfu tatu," alisema, na kweli kwenye kasha palikuwa na namba hiyo kwa maandishi makubwa, ikifuatiwa na herufi PMPO. Nilimwomba anionyeshe adapta yake ya umeme. Aliitoa, nikaigeuza, na kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma nikasoma: volti 9, ampea 1.5. Tisa mara moja na nusu ni kumi na tatu na nusu. Spika haiwezi kutoa kwa kudumu nguvu kubwa kuliko inayoingia, kwa hiyo chombo kile, hata kama hakingepoteza chochote njiani, kilikuwa cha wati zisizozidi 13.5. Hizo elfu tatu zilikuwa zimetoka hewani.

Sikumlaumu kijana, kwa maana yeye alisoma kilichoandikwa. PMPO ni namba inayodai kueleza kilele cha nguvu kwa kipindi kifupi mno cha sekunde, na haina kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, hivyo kila mmoja huandika anavyopenda. Namba yenye maana ni ile inayoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo. Kama kasha halina RMS, geuza adapta, zidisha volti kwa ampea, na utakuwa umepata ukomo ambao tangazo haliwezi kuuvuka. Nimefanya hesabu hiyo katika maduka sita, na ninaamini ndiyo dakika moja yenye faida kubwa kuliko zote katika safari ya kununua spika.

Pengine msomaji atauliza kama wati chache zinatosha. Kwa mezani zinatosha na kubaki. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na spika ndogo za kawaida hutoa kiasi cha desibeli 80 hivi kwa umbali wa mita moja zikipewa wati moja tu, na mtu anayeketi mbele ya kompyuta yuko karibu zaidi ya hapo, labda sentimita 60, jambo linaloongeza desibeli nyingine nne na zaidi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Wataalamu wa afya kazini nchini Marekani wanapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Maana yake ni kwamba wati moja, ukiwa umeketi mezani, tayari inakupeleka kwenye kiwango ambacho hupaswi kukaa nacho siku nzima. Tena kuzidisha nguvu mara mbili kunaongeza desibeli tatu tu, ongezeko ambalo sikio linalitambua kwa shida. Anayelipa fedha zaidi ili apande kutoka wati tano hadi kumi kwa ajili ya meza yake ananunua tofauti ndogo sana.

Hoja pekee iliyonifanya nisite ni mvua. Huku kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi wa nne, na ikianguka kwa nguvu juu ya bati lisilo na dari haisikiki kingine chochote. Nilifikiria kununua spika kubwa za kushindana nayo. Nimeamua vinginevyo: spika inayoweza kuishinda mvua ile itayachosha masikio kwa haraka, na kelele ya mvua inafunika hasa mikwaruzo ileile ninayoitafuta. Mvua kubwa ikianza, ninasimamisha kunakili na kufanya kazi nyingine.

Katika duka la tatu nilianza kusikiliza kwa utaratibu, na hapa ningependa kueleza kwa undani nilichokuwa ninakitafuta, kwa sababu macho hayasaidii sana. Kwanza nilipunguza sauti mpaka karibu na mwisho, kisha nikaizungusha swichi ya sauti polepole. Spika nyingi za bei ya chini zina swichi ambayo mwanzoni hufungua upande mmoja kabla ya mwingine, kiasi kwamba kwa sauti ndogo unasikia kushoto tu. Na nyingine hukwaruza kila unapoigusa hata zikiwa mpya, dalili kwamba baada ya miezi michache zitakuwa zinakatakata. Pili nilichezesha waya pale unapoingia kwenye boksi na pale kwenye jeki, huku rekodi ya mzee jirani ikiendelea kusoma maneno. Sauti ikipotea hata kwa nukta moja, hiyo nairudisha. Tatu nikasikiliza maneno yenyewe nikiwa nimefumba macho, kwa sauti ya kawaida na kisha kwa sauti ya juu. Tofauti kati ya spika na spika ilinishangaza. Jozi moja yenye umbo zuri sana, ya plastiki inayong'aa, ilifanya s zote ziwe kama filimbi, kali mpaka nikakunja uso. Jozi nyingine, kubwa na nzito, ilimfanya binti asikike kama yuko ndani ya pipa. Nne, nikaipandisha sauti mpaka karibu na kikomo, nikashika boksi kwa kiganja. Kama plastiki inatetemeka na kutoa mlio wake yenyewe, mlio huo utaingia kwenye kila neno.

Kuhusu kikomo hicho, kuna fundi mmoja wa redio pale Kabwe aliyenisaidia sana. Nilimpelekea spika ndogo ya zamani iliyokufa, akaifungua mbele yangu kwa bisibisi na kunionyesha kibao cha ukubwa wa kidole gumba chenye kipande cheusi kilichoandikwa PAM8403. Kipande hicho kinapatikana ndani ya spika nyingi sana za bei nafuu. Kinatumia volti 5 na kinaweza kutoa wati 3 kila upande, lakini kwa maelezo ya watengenezaji wake wenyewe, kikifika kwenye wati hizo tatu upotoshaji wa sauti unakuwa asilimia 10. Fundi alilieleza kwa lugha rahisi: ukiifungulia mpaka mwisho inakoroma, ukiiacha nusu inaongea. Nilimshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, naye akakataa kupokea malipo. Tangu hapo, spika nikiijaribu naisikiliza zaidi ikiwa nusu ya uwezo wake, kwa kuwa hapo ndipo itakapoishi.

Suala la umeme lilinichukua muda pia. Kuna spika zinazochukua umeme kutoka tundu la USB la kompyuta, na kuna zile zenye adapta au waya wake wa ukutani. Tundu la USB la toleo la 2.0 limepangiwa kutoa ampea nusu kwa volti 5, yaani wati 2.5, na la toleo la 3.0 ampea 0.9, yaani wati 4.5. Kwa hesabu niliyoieleza hapo juu, hizo zinatosha kwa kunakili sauti, na anayetumia kompyuta mpakato anapata faida ya ziada, kwamba umeme ukikatika spika zinaendelea kuongea pamoja na kompyuta. Ila angalia waya kwa makini kabla ya kulipa. Baadhi zina waya mbili, USB kwa ajili ya umeme na jeki kwa ajili ya sauti, na hizo unaweza kuziunganisha na simu au redio pia. Nyingine zina waya wa USB peke yake unaobeba vyote viwili. Hizo zinafaa kwa kompyuta ambayo tundu lake la jeki limeharibika, lakini hazitakusaidia kwenye redio yenye jeki tu.

Spika za bluetooth niliziondoa mapema, ingawa marafiki zangu wengi wanazipenda. Anayenakili husimamisha na kurudisha sauti mamia ya mara kwa siku. Spika nyingi za bluetooth zikikaa kimya kwa muda hujizima sehemu ya kutolea sauti ili kuhifadhi betri, na sauti ikirudi humeza silabi ya kwanza. Kwenye sitini na tisini, silabi ya kwanza ndiyo kila kitu.

Spika za mtumba nazo nilizitazama kwa hamu, kwa sababu maboksi ya mbao ya zamani mara nyingi yana sauti tulivu ambayo plastiki ya bei sawa haiwezi kuifikia. Anayezinunua asome kwanza maandishi ya nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Spika iliyotoka Japani inaweza kuwa imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani utasikia harufu kabla ya kusikia sauti. Halafu atoe kitambaa cha mbele kama kinatoka, aguse ule mzunguko laini unaoshikilia koni. Ukiwa wa sponji na ukivunjika kama mkate mkavu, spika ile imekwisha. Kisha aibonyeze koni taratibu kwa vidole viwili vilivyowekwa pande zote mbili za katikati. Ikikwaruza ndani, koili yake ya waya wa shaba inagusa sumaku na haitapona. Mimi niliipata jozi moja nzuri ya mbao, lakini upande mmoja ulikwaruza, nikairudisha kwa huzuni ya kweli.

Hatimaye nilinunua jozi ya maboksi mawili, bila sabufa, yenye koni za inchi mbili na nusu hivi, waya wa USB wa umeme na jeki ya sauti, swichi ya kuzungusha mbele, na tundu la hedifoni pembeni yake. Nililipa shilingi 45,000, nikapewa risiti na waranti ya miezi sita iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri. Ilikuwa ya bei ya kati miongoni mwa zile nilizozijaribu. Haina taa. Besi yake ni ndogo, na mtu anayetaka kucheza muziki wa harusi sebuleni hataipenda. Lakini rekodi ya mzee jirani iliposoma maneno yake kumi na mawili pale dukani, niliyaandika yote kwenye kiganja bila kukosea hata moja, na kijana wa duka, ambaye nilimwomba aandike naye, alikosea moja tu.

Nyumbani mambo hayakuanza vizuri. Nilipoziwasha nilisikia mngurumo mdogo, na kila nilipoisogeza mausi palitokea mlio mwembamba kama wa mbu. Kwa saa nzima niliamini nimeuziwa kibovu. Mlio ule ulitokana na umeme wa tundu la USB, ambao ndani ya kompyuta unashirikiwa na vifaa vingine vingi na kubeba kelele zao. Nilichomoa waya wa USB kutoka kwenye kompyuta nikauchomeka kwenye kichwa cha chaja ya simu, nikaacha jeki palepale kwenye tundu la kijani nyuma ya kompyuta, na mbu akanyamaza. Si kila chaja itafanya hivyo. Ya kwanza niliyoijaribu, ile ya bei ya chini kabisa, ilileta kelele yake mwenyewe. Mngurumo uliobaki uliondoka nilipochomeka kompyuta, kioo chake na chaja ile kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili tofauti za ukutani. Yeyote mwenye spika zinazonguruma ajaribu hayo mawili kabla ya kurudi dukani.

Kisha nikazipanga. Koni ndogo hutupa sauti za juu mbele yake kama tochi, na spika zinapokaa chini juu ya meza, mwanga huo unapiga kifuani badala ya masikioni. Dukani nilikuwa nimeona spika aina ya Creative Pebble, ambazo koni zake zimeinamishwa nyuzi 45 kutazama juu, na nikaelewa mantiki ya umbo hilo mara moja. Fundi seremala wa mtaa wetu alinikatia vipande viwili vya mabaki ya mbao za paini, vilivyochongwa kwa mteremko, navyo vikanigharimu shilingi elfu mbili. Chini ya kila kipande nimebandika mpira uliokatwa kutoka kwenye ndala iliyokatika, ili mtetemo usiingie kwenye meza. Nimezisogeza mbali na ukuta kwa kiasi cha viganja viwili, kwa kuwa zikiwa zimegusa ukuta na kona besi inavimba na kurudisha ugonjwa ule wa zamani. Umbali kati ya spika na spika unalingana na umbali wa kutoka kila moja hadi kichwani kwangu. Mweka hazina akija, tunasogeza viti vyetu karibu, na wote wawili tunasikia sawasawa. Sauti ya kompyuta ninaiweka juu, karibu sehemu nane kati ya kumi, na kupunguza kwa swichi ya spika yenyewe, kwa sababu nikifanya kinyume chake ule mvumo wa spika unapanda pamoja na maneno.

Mama wa viazi alikuja mwenyewe Jumamosi moja baada ya soko, akaketi kwenye kiti cha mweka hazina akiwa bado na khanga yake yenye vumbi la viazi. Nilimchezea kipande chake. Alikisikiliza ameinamisha kichwa, akaniomba nikirudie, kisha akasema, "Ndivyo nilivyosema." Nilirekebisha daftari mbele yake na akatia sahihi pembeni ya marekebisho.

Tangu hapo nimeanza kupitia upya rekodi zote za vikao nilizozinakili kwa spika za zamani, nikisimama kwenye kila sehemu inayotaja fedha. Zipo kumi na mbili na nimefikia ya saba. Mpaka sasa nimekuta kosa jingine moja, la mwezi wa kumi na moja, na safari hii niliandika sitini mahali ambapo mwanachama alisema tisini, hivyo nimemtaarifu mwenyekiti na tutalisoma katika kikao kijacho.